Moyo wa Mama Ulipona

Mimi ni mtu wa mzaha, na niseme mapema kwamba sijivunii tena. Shuleni nimewahi kufukuzwa siku tatu kwa kuiga kikohozi cha prefe, mkuu wetu wa shule, wakati prefe mwenyewe amesimama nyuma yangu. Kwenye kilio cha jirani nilitolewa nje kwa sababu nilimwonyesha mwenzangu jinsi marehemu alivyokuwa akitembea akitoka kwenye pombe. Walimu walimwita mama biro, ofisini kwao, ili wanishitaki. Mama akasikiliza mpaka mwisho, kisha akawaomba nirudie kile kikohozi, apime kama kweli kinafanana.

Ndiyo, nilirithi kwake. Mama alikuwa akiuza vitenge. Alivuka ziwa kwenda Kigoma, akarudi na marobota, na pale sokoni Kalemie wanawake walipita meza za wengine wakaja kwake ili watukanwe. Alimwambia mteja, "Hii kitenge ni ya mwanamuke mwenye kiuno. Weye nitakukatia ya mapazia." Mteja alicheka, akanunua. Nyumbani tulibaki wawili, mimi na yeye. Kaka na dada zangu wote wana nyumba zao, na papa, baba yangu, anafanya kazi kwenye mitambo ya umeme kule Bendera, anashuka mwisho wa mwezi. Kwa hiyo jioni zetu zilikuwa za kutupiana maneno. Asiyepata jibu ndiye anayeosha sufuria. Nimeosha sufuria nyingi sana.

Moyo wake ulianza kumsumbua mwaka juzi, bandarini. Aliteremka kwenye bato, meli yetu ya ziwani, akatembea hatua kumi, akaketi juu ya robota lake kama mtu aliyefika nyumbani. Aliwaambia wabeba mizigo anapumzika tu. Mimi aliniambia ukweli siku ya tatu: kuna kitu ndani ya kifua kinarukaruka kama kuku aliyefunikwa na kapu. Nikaweka sikio. Moyo wa watu unakwenda du-du, du-du. Wa mama ulikwenda kama walevi watatu wanaopiga ngoma moja, kila mmoja na wimbo wake. Nilicheka, nikamwambia. Na yeye akacheka, huku akishika kifua.

Daktari wa hapa kwetu alimfunga nyaya kifuani, mashine ikatoa karatasi yenye mistari iliyovurugika. Alitueleza vizuri. Moyo una vyumba vinne, viwili vya juu na viwili vya chini, na vile vya juu vya mama vilikuwa vinatetemeka badala ya kusukuma damu. Damu isiyosukumwa inalala, ikilala inaganda, na kipande kilichoganda kikitoka pale kinaweza kupanda kichwani. Akampa vidonge vya kuupunguza moyo mbio, na vingine vya kuzuia damu isigande. Vile vya kwanza havikuweza kitu. Mama alianguka sokoni mara mbili, mara ya pili akapasuka juu ya jicho. Hapo daktari akasema kwamba kuna tiba ya kuingiza waya mpaka ndani ya moyo na kuunguza sehemu zinazouvuruga, lakini si Kalemie. Mjomba, kaka mkubwa wa mama anayefanya kazi kwenye madini kule Lubumbashi, akalipa. Likizo kubwa ilipofunguliwa tukavuka ziwa kwenda Dar es Salaam, mimi nikiwa mlinzi wa mgonjwa, kwa sababu huku kwetu mgonjwa haendi hospitali bila mtu wake wa kumlinda, na mimi pekee ndiye nilikuwa sina mume wala mtoto wa kunyonyesha.

Dar es Salaam walituchekea Kiswahili chetu. Mama akawachekea chao. Aliniambia kwamba watu hawa wanaomba samahani mpaka kwa kiti.

Daktari wa moyo alikuwa mwanamke mfupi mwenye saa kubwa mkononi, mtaratibu, asiyependa kurudia. Alituchorea nyuma ya bahasha. Kwenye chumba cha juu cha kushoto, alisema, kuna milango minne ambapo mishipa ya mapafu inaingiza damu. Ni pale milangoni panapotoka amri za uongo. Moyo una mkubwa wake mmoja anayetoa amri ya kupiga, lakini kwa mama wale wa milangoni nao wanapiga kelele, moyo haujui umsikie nani. Atapitisha nyaya nyembamba kwenye mshipa wa pajani, zipande mpaka pale, aunguze duara kuzunguka kila mlango. Palipoungua patakuwa kovu, na kovu halipitishi amri.

Mama alitazama bahasha muda mrefu.

"Utaniwashia moto ndani ya moyo."

"Kidogo kidogo, mama. Utakuwa umelala."

"Sawa. Lakini bwana yangu anakaa humo, dada. Usimuunguze."

Daktari alicheka, na nilimwona mama akitulia. Alikuwa na desturi hiyo, hawezi kumwamini mtu ambaye hajamchekesha.

Walimwingiza asubuhi. Nilikaa koridoni nikihesabu vigae vya sakafuni, nikavisahau, nikaanza tena. Walipomtoa alikuwa amelala chali na hakuruhusiwa kukunja mguu kwa masaa mengi, ili mshipa wa pajani usitoe damu. Alilalamika kwamba wameingia moyoni kupitia njia ya uani kama wezi wa mbuzi. Kesho yake niliweka sikio. Du-du. Du-du. Du-du. Nilibaki pale na sikio langu mpaka akaniuliza kama nimelala, nikamwambia natafuta wale walevi, siwaoni.

Siku ya kutoka, daktari aliniita mimi pembeni kwa sababu mama alikuwa anasinzia. Akanipa maboksi ya vidonge vya kuzuia damu isigande. Miezi mitatu, asubuhi na jioni, bila kuruka hata mara moja. Alieleza kwa nini: moyo umetoka kuunguzwa, ndani una vidonda vibichi, na kile chumba cha juu bado ni kizito kwa wiki nyingi hata kama mapigo yamenyooka, kwa hiyo hiki ndicho kipindi damu inaganda kwa urahisi. Hata akijisikia mzima kabisa. Hasa akijisikia mzima kabisa. Akaniambia nirudie. Nikarudia kwa sauti yake mwenyewe, mkono kiunoni, ile saa kubwa na vyote. Muuguzi aliyekuwa karibu akacheka mpaka akaweka faili chini.

Daktari hakucheka. "Sasa rudia kwa sauti yako."

Nikarudia kwa sauti yangu. Kwa hiyo nilijua. Nataka hilo lieleweke kabla sijaendelea. Nilijua neno kwa neno.

Tuliporudi Kalemie, mama alikuwa mtu mpya. Alipanda kilima chetu bila kusimama. Nilimpa vidonge asubuhi na jioni, nikaweka alama za makaa ukutani, nyuma ya mlango. Usiku mmoja moyo ulitetemeka kidogo, ukaacha, na hata hilo daktari alikuwa ametuambia litatokea. Alama zilijaa safu tatu. Alianza kuniahidi kwamba krismasi tutavuka Kigoma pamoja, anifundishe biashara, ili siku nikifukuzwa shule kabisa niwe na pa kwenda.

Sasa nieleze kuhusu kikundi cha sala. Wale mama wa mtaani kwetu walikuwa wamefunga siku tatu bila kula siku mama alipoingizwa nyaya. Wanampenda, na yeye anawapenda. Na kikundi kina utaratibu wake: mtu akipona, anatoa shukrani mbele ya wote, na siku hiyo anarudisha vitu vya ugonjwa. Bandeji, magongo, karatasi za hospitali, dawa zilizobaki. Vinawekwa ndani ya beseni, vinachomwa nyuma ya nyumba ya sala. Wanasema dawa ya ugonjwa uliokwisha isilale nyumbani kwako, maana ni kama kumtandikia kitanda aliyekwisha kuondoka. Nilikuwa nimeona magongo ya mzee mmoja yakiungua vizuri, na yule mzee anacheza kando yake. Hakuna aliyewahi kuumia kwa sababu ya jambo hilo. Vitu vyao vilikuwa kweli vimekwisha kazi.

Shukrani ya mama ilikuwa jumapili, mwishoni mwa agosti. Asubuhi alikuwa anafunga kitambaa kichwani, akaniuliza, bila kunitazama, kama tutakwenda na zile dawa. Nilikuwa natafuta kiatu changu. Nikamwambia tutaona huko.

Sijawahi kumwona mama akiwa mzuri vile. Alisimama mbele, akasimulia yote: walevi watatu, bahasha, njia ya uani, bwana yake asiunguzwe. Wanawake walilia na kucheka kwa wakati mmoja, wengine waliegemeana. Akaweka ndani ya beseni ile bangili ya plastiki ya hospitali. Akaweka karatasi ya mistari iliyovurugika. Mama kiongozi alishika beseni, anangoja. Mama akafungua mkoba, akatoa maboksi mawili ya vidonge yaliyobaki. Hapo akasimama. Akanitafuta na macho, mimi niko safu ya tatu, na uso wake ulikuwa unauliza kweli.

Nikasimama. Nyumba nzima ikageuka.

Ningesema maneno sita tu. Daktari alisema miezi mitatu, haijaisha bado. Yalikuwa tayari mdomoni. Lakini watu wote wale wananitazama, mama yangu amewachekesha mpaka wamelainika, na mimi ni mimi. Mkono wangu ukapanda wenyewe mpaka kiunoni. Nikatoa ile sauti ya Dar.

"Mama, ukitupa hizo, mimi navuka ziwa na mtumbwi, nakuja kukuunguza na maini."

Paa lilitaka kuruka. Mama alicheka mpaka akashika nguzo. Alikuwa anacheka bado alipofungua mkono juu ya beseni, na maboksi yakaanguka ndani, na mama kiongozi akicheka akaliweka beseni vizuri kiunoni, akaondoka nalo. Nikakaa. Mwanamke wa nyuma yangu alinipiga begani, akasema huyu mutoto ni mama yake mutupu. Ukweli wenyewe ni kwamba nilifurahi. Nilipohisi harufu ya plastiki ikiungua nje nilikuwa bado natabasamu.

Jumatatu nilikwenda famasi mbili. Hawakuwa na dawa ile. Wa pili alinipa ushauri wa kuagiza Lubumbashi, yaani kwa mjomba. Nilirudi nikamwambia mama, safari hii kwa sauti ya kawaida, lakini ilikuwa imechelewa siku moja, na siku moja ilitosha. Alinivuta kichwa akakiweka kifuani mwake.

"Sikiliza. Hii ndo moyo ya mugonjwa?"

Du-du. Du-du.

Akasema mjomba amekwisha kuchoka na sisi, tumwache apumue. Nilisema nitampigia simu ijumaa. Ijumaa ilikuwa ya kununua madaftari. Shule ikafunguliwa. Niliendelea kuweka sikio kila asubuhi, na kila asubuhi moyo ulinijibu vizuri, na mimi niliamini kile nilichokisikia. Ukutani niliacha kuweka alama.

Ilikuwa wiki ya pili ya shule, asubuhi. Nimekaa kwenye mkeka katikati ya magoti yake, ananisuka haraka kwa sababu prefe hataki nywele ovyo, na kama kawaida anatukana kichwa changu. Alikuwa amekifananisha na mambo mawili tayari. La tatu likaanza, "Hii kichwa iko kama," akanyamaza.

Mama alikuwa na ujuzi huo, kukatisha pale karibu na utamu ili umwombe. Nikangoja. Kitana kilianguka. Nikamwuliza, kama nini? Akasema, "Ka." Kisha, "Ka, ka, ka." Nikadhani ameamua kuku. Kichwa changu ni kama kuku. Nikacheka, nikamjibu, kakaka, na yeye akasema ka, ka, nami nikamjibu tena. Tulilia kama kuku pale kwenye mkeka, mimi na mama yangu, mpaka mkono wake ukateleza begani kwangu, ukaanguka mapajani mwangu, mzito, kama si wake.

Nikageuka. Upande mmoja wa uso ulikuwa umeshuka. Jicho lilikuwa linaniomba.

Nilipiga kelele, jirani akaita motari, dereva wa pikipiki, tukampakia mama katikati, dereva mbele na mimi nyuma nimemkumbatia ili asianguke. Njia nzima nilisikia mgongo wake kwenye kifua changu. Moyo wake ulikuwa unapiga sawasawa. Wangu ndio ulikuwa umevurugika.

Daktari wetu alishika mkono wake, akapima, akasema moyo uko vizuri, tiba ya Dar ilifanya kazi. Alisema kipande cha damu kimekwenda kichwani, upande wa kusema. Akaniuliza vidonge vya kuzuia damu isigande anakunywa saa ngapi. Nilimweleza. Alivua miwani, akaifuta na koti, akaivaa. Akaanza kuandika. Afadhali angenitukana.

Papa aliteremka kutoka Bendera kesho yake na vumbi la gari mpaka kwenye nyusi. Akaniuliza kama ni kweli walichoma dawa. Nikasema ndiyo.

"Na weye ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa pale."

Akangoja. Papa amenizoea, anajua sentensi zangu zina mkia. Aliposikia hakuna mkia, akakaa kwenye ukingo wa kitanda, akavua kofia.

Wale mama wa kikundi walikuja kila siku. Walileta bukari na sombe, yaani ugali na kisamvu, walimgeuza, walimwosha, walinisuka ile nusu ya nywele zangu iliyobaki, bila mimi kuomba. Hawakuwa na ubaya wowote, na sijui wangejuaje. Siku ya tano mama kiongozi alinivuta nje, macho yamevimba, akaniuliza kwa nini sikuwaambia kwamba zile dawa hazikuwa zimekwisha kazi.

Nikamwambia, "Niliwaambia, Mama. Mulicheka."

Nikaona anakumbuka. Akaketi kwenye ngazi za hospitali kama mtu aliyesukumwa, na mimi nilitaka kurudisha maneno yangu, kwa sababu aliyewachekesha nilikuwa mimi. Tulikaa pale wawili. Alinishika mkono na hakuuachia mpaka walipomwita.

Mama hakufa. Watu wananiambia nishukuru, na ninashukuru. Anatembea akiburuta mguu wa kulia, mkono wa kulia anaubeba kwa ule wa kushoto kama mtoto wa mwenzake. Anaelewa yote. Lakini maneno yalikwenda, yote, isipokuwa moja. Jumatano. Hakuna anayejua kwa nini. Bato ya Kigoma haikuwa ikiondoka jumatano, hakuzaliwa jumatano, wala hakuolewa jumatano. Anataka maji, jumatano. Mlango umeachwa wazi, jumatano. Muuguzi anayemfanyisha mazoezi alisema neno moja linaweza kubaki hivyo, kama mtu mmoja aliyenusurika kwenye ajali, na kwamba tumzungumzishe sana. Papa anamzungumzisha habari za mitambo. Mimi niliyekuwa nikisema kutwa nzima nilikaa wiki nyingi nikimlisha kimya.

Jioni moja nilijaribu. Nilimwambia matusi yetu ya zamani, nikimwachia nafasi ya kujibu, halafu nikajijibu mimi mwenyewe kwa sauti yake. Alinigeuzia uso. Sijaiga mtu yeyote tangu siku hiyo, hata prefe, ambaye sasa ananipitia koridoni na kunitazama kana kwamba nimeugua.

Mwezi huu, alasiri moja nimerudi shule, alikuwa nje kwenye kiti chake, uso kwenye jua. Nikachuchumaa mbele yake nikiwa na sare. Nilimwambia kwa sauti yangu. Kwamba daktari aliniambia mimi, kwamba nilirudia neno kwa neno. Kwamba siku ile aliniuliza na macho na mimi niliyaona vizuri, nikachagua kuchekesha. Kwamba asubuhi ya kunisuka nilicheka wakati yeye ananiita. Nilisema mpaka mwisho, bila mkia.

Akaanza kulia.

Sasa, muuguzi alikuwa ametuonya. Wagonjwa wa namna hii wanalia ovyo, hata kwa tangazo la sabuni redioni, ubongo umelegea tu, si lazima iwe huzuni. Kwa hiyo sikujua. Labda ananilaumu. Labda ananihurumia. Labda ni jua. Nilimpangusa mate, nikampangusa machozi, kitambaa ni kilekile. Nikamwuliza, mama, unalia nini?

Akanijibu. Alinijibu kwa kirefu, mkono wa kushoto unapunga hewani, sauti inapanda, inashuka, inangoja, inapanda tena, hotuba kamili yenye mwanzo wake na mwisho wake, mambo ambayo bila shaka alikuwa ameyaweka tangu septemba. Jumatano, jumatano, alisema. Jumatano. Kisha akanitazama, anangoja jibu langu.